Maji ya Mlimani Yapimwe Kabla Ardhi Haijagawanywa



Kila mwaka, baina ya Januari na Machi, kabla masika hayajaanza, maneno yale yale husikika katika tambarare za Kahe, Mabogini na Arusha Chini: maji yamekwisha, na walioko juu ndio walioyamaliza. Huko juu nako, Kibosho, Machame, Marangu, watu husema mto umepungua tangu chanzoni na kwamba wao hawakumnyima mtu. Pande zote mbili husema kwa uchungu, na pande zote mbili zina sehemu ya ukweli. Neno ambalo hatulisikii, au twalisikia kwa nadra mno, ni kipimo. Maji yamepungua kiasi gani, mahali gani, mwezi gani, na ni nani hasa aliyekosa? Pasipo majibu hayo, mikutano ya usuluhishi hugeuka mashindano ya sauti, na mwenye sauti kubwa mara nyingi ni yule mwenye shamba kubwa.

Twalileta jambo hili kwenu kwa sababu vijiji vingi vya mlimani na vya tambarare vinaandaa, au vimekwisha kuandaa, mipango ya matumizi ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliipa halmashauri ya kijiji kazi ya kuisimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji wote, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 ikaeleza jinsi mpango unavyotungwa. Wengi wenu, viongozi wa walei, ni wajumbe wa halmashauri hizo au mnakaa katika mkutano mkuu wa kijiji unaopitisha mpango. Basi mnajua ramani hizo zilivyo: hapa makazi, hapa malisho, hapa msitu, na kando ya mto, kwa rangi ya kupendeza, kilimo cha umwagiliaji. Rangi hiyo ndiyo inayotutia shaka. Ni nani aliyehakikisha kwamba maji ya kuitimiza yapo?

Hebu tulitazame bonde lenyewe. Mto Pangani hukusanya maji ya eneo la takriban kilomita za mraba 43,000, ambalo sehemu yake ndogo iko nchini Kenya. Una mikono miwili mikubwa. Kikuletwa hutoka mlima Meru na miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, ukipokea mito kama Weruweru, Kikafu na Karanga. Ruvu hutoka upande wa mashariki, hupitia ziwa Jipe lililo mpakani, na hupokea maji ya Upare wa kaskazini. Mikono hiyo hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha mto hushuka kupitia nchi kavu mpaka Korogwe na Hale, na kumalizikia baharini mjini Pangani. Kwa hiyo mtu anayefungua mfongo wake Kibosho na mvuvi anayetupa wavu penye mlango wa mto wanakula sahani moja, ingawa hawajaonana na pengine hawataonana.

Neema ya sahani hiyo haikugawanywa sawasawa hata na mvua yenyewe. Katika msitu wa miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, kwenye kimo cha mita 2,000 na kitu, mvua ya mwaka huzidi milimita 2,000. Ukishuka Moshi mjini, imepungua hata chini ya nusu ya hiyo. Ukifika tambarare za Arusha Chini, ni kama milimita 500 tu, na jua la huko hukausha maji mengi mara kadhaa kuliko mvua inavyoleta. Tambarare basi huishi kwa maji yaliyonyesha kwa jirani. Mengi hayashuki juu ya ardhi. Huzama mlimani na kutokea chini kama chemchemi, mfano wa zile za Shiri na Nsere zinazounywesha mji wa Moshi, na zile za Chemka zinazoingia Kikuletwa. Chemchemi hizo ndizo zinazoushikilia mto wakati wa kiangazi.

Hapa yafaa tusahihishe dhana moja iliyoenea sana, hata katika hotuba za wakubwa. Ni kweli kwamba barafu ya Kilimanjaro inatoweka. Mwaka 1912 ilifunika karibu kilomita za mraba 12. Mwaka 2011 ilikuwa imebaki chini ya kilomita za mraba 2. Ni msiba, nasi twahuzunika kama kila mtu aliyezaliwa akiuona mlima ule mweupe. Lakini siyo barafu inayojaza mito yetu. Watafiti waliouchunguza mlima kwa miaka mingi wamekadiria kwamba asilimia 96 ya maji yanayotiririka kutoka Kilimanjaro chanzo chake ni ukanda wa msitu: mvua inayonyesha humo, na ukungu unaonaswa na miti na kuvumwani zilizojaa unyevu, ukadondoka tone kwa tone hata siku isiyo na mvua. Kwa hiyo moto unaopanda katika misitu ya juu, kama ule wa Oktoba 2020 na ule wa Oktoba 2022, ni pigo kwa mkulima wa Kahe kuliko barafu inayoyeyuka kileleni. Kuililia barafu hakumgharimu mtu kitu. Kuulinda msitu kuna gharama, nayo humwangukia mama wa Nusu Maili anayetafuta majani ya ng'ombe wake, kwa maana tangu mwaka 2005, msitu wa hifadhi ulipounganishwa na hifadhi ya taifa, masharti yamekaza. Mpango wa ardhi unaosema "msitu ulindwe" bila kusema ng'ombe wa mama huyo watakula nini haujakamilika.

Turudi kwenye kipimo. Wataalamu wanayo kanuni mashuhuri: nchi au bonde lenye maji chini ya mita za ujazo 1,700 kwa kila mtu kwa mwaka lina dhiki, na lenye chini ya mita za ujazo 1,000 lina uhaba. Kanuni hiyo ina faida yake kwa kulinganisha nchi na nchi. Kwa kupanga ardhi ya kijiji cha mlimani haina msaada mkubwa, kwa sababu hujumlisha mafuriko ya Aprili na ukame wa Februari, ikavigawanya na kutoa jibu ambalo halipo mtoni siku yoyote.

Tuchukue mfano wa mto wa kubuni, ili asijihisi mtu kuwa tunamnyoshea kidole. Mto huo una wastani wa lita 1,000 kwa sekunde. Mwezi Aprili hupitisha lita 3,000. Mwezi Februari lita 200. Ofisi imetoa vibali vya jumla ya lita 600 kwa sekunde, na kwa kuutazama wastani yaonekana imebakiza akiba nzuri. Mwezi Februari vibali hivyo ni mara tatu ya maji yaliyopo. Kila mwenye kibali atakwenda na karatasi yake yenye muhuri, wote watakuwa na haki, na maji hayatawatosha. Hapo ndipo mapanga hutoka. Haki iliyoandikwa juu ya maji yasiyokuwepo ni ahadi ya ugomvi, na aliyeiandika hayupo mfongoni usiku watu wanapoviziana.

Ndiyo sababu twasema kipimo cha kupangia ardhi ni maji ya mwezi mkavu kuliko yote, katika mwaka usio mwema. Mpunga unahitaji takriban lita 2 kwa sekunde kwa kila hekta pale shambani. Zile lita 200 za Februari, zikifika shambani zote, zatosha hekta 100. Zikipotea nusu njiani, jambo la kawaida katika mifereji ya udongo, zatosha hekta 50. Nazo hizo ni kwa sharti kwamba mto uishie pale pale, asipate mtu wa chini hata tone. Kijiji kilichopaka rangi ya umwagiliaji katika hekta 300 kimejipangia njaa ya wengine, au yake chenyewe.

Na maji ya kunywa je? Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaja lita 25 kwa mtu kwa siku vijijini, katika umbali usiozidi mita 400. Tumefanya hesabu hiyo mara mbili kwa kuwa jibu lake lilitushangaza. Watu 10,000 wakipata lita 25 kila mmoja ni lita 250,000 kwa siku, yaani chini ya lita 3 kwa sekunde. Lita tatu! Katika mto ule wa Februari wenye lita 200, kiu ya kata nzima haifiki hata sehemu moja kati ya hamsini. Basi mahali ambapo wanawake na watoto wa kike huamka saa tisa za usiku kupanga ndoo wakati mashamba ya jirani yamelowa, tusidanganyane kwamba mlima umekauka. Sera hiyo, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 iliyofuata, zimetanguliza matumizi ya nyumbani, kisha maji ya kuutunza mto wenyewe, na baada ya hapo ndipo mengine. Mpangilio huo ni wa haki. Kinachokosekana ni mtu wa kuufuata kwenye lango la mfereji.

Tunao mfano wa nyumbani wa kutufundisha. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulikamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, ukapangwa kumwagilia hekta zipatazo 2,300, karibu nusu yake zikiwa za mpunga. Mpunga ulistawi kupita matarajio, na mafanikio hayo ndiyo yaliyozaa tatizo. Wakulima waliokuwa nje ya mradi, upande wa juu wa mto Rau, waliona faida ya jirani nao wakaanza kulima mpunga kwa maji yale yale kabla hayajafika kwenye banio la mradi. Maji yakapungua, na eneo la mpunga ndani ya mradi likasinyaa mbali na lile lililochorwa. Wengine huwalaumu wakulima wa juu. Sisi hatuwalaumu kwa wepesi, maana walifanya kile ambacho kila bwana shamba alikuwa akiwasifu wenzao kwa kukifanya. Kasoro ilikuwa katika hesabu: iliupima mto kama uliokuwa wa mradi peke yake, ikawasahau watu wanaoishi juu ya banio, kana kwamba hawana macho wala matumbo.

Kadhalika katika umeme. Hale ilianza mwaka 1964 ikiwa na megawati 21, Nyumba ya Mungu ina megawati 8, na mtambo mpya wa Pangani Falls, wenye megawati 68, ulizinduliwa mwaka 1995. Ofisi ya maji ya bonde la Pangani, ya kwanza ya namna yake nchini, ilianzishwa mwaka 1991, wakati mtambo huo mpya ukiandaliwa, na wakulima wengi wa mifongo waliijua kwanza kama ofisi inayodai ada kwa maji ambayo babu zao waliyachimbia njia kwa majembe. Kwa miaka mingi maji ya mto huu yalihesabiwa kuwa ya mitambo kwanza. Sasa mambo yamebadilika. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024, na mitambo yote mitatu ya Pangani haifikishi megawati 100. Hatusemi izimwe. Twasema daftari lifunguliwe upya, na ile sehemu iliyotengwa kwa mitambo wakati taifa halikuwa na kwingine pa kutegemea ijadiliwe mbele ya wananchi. Ndani ya daftari hilo iingizwe pia hasara ya bwawa lenyewe: Nyumba ya Mungu likijaa lina uso wa zaidi ya kilomita za mraba 100, na katika uso huo kila mita moja ya kina inayonyonywa na jua na upepo ni mita za ujazo milioni 100 zisizomfaa mkulima, mvuvi wala mtambo.

Yapo mambo ambayo, twakiri, hayana jibu la haraka. Mojawapo ni mifongo yenyewe. Wageni wengi huitazama mifereji ya Wachagga na ndiva za Wapare na kuona upotevu tu, kwa sababu maji mengi huvuja njiani. Shauri lao ni saruji. Lakini maji yanayovuja mlimani hayapotei yote. Sehemu yake huzama na kutokea kwenye chemchemi ya mtu wa chini. Ukiziba mfereji wa juu kwa saruji, wa juu atapata ziada, atapanua shamba, na chemchemi ya wa chini yaweza kukauka bila yeyote kujua sababu. Pengine saruji yafaa kwenye mfereji wa tambarare, ambako maji yanayozama huliwa na jua na chumvi, kuliko kule juu. Tusiige dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Tena mifongo haikuwa udongo tu. Ilikuwa na wazee wake, zamu zake, siku za kazi ya pamoja, na adhabu kwa aliyeiba maji. Vyama vya watumia maji vinavyoundwa chini ya sheria mpya vingefanya vema kuanza na wazee hao, kuliko kuanza na fomu.

Jambo jingine ni ule ukanda wa mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kando ya mto au ziwa. Makusudi yake ni mema, nasi tumeona kingo zilizomomonyoka na matope yaliyojaa ziwa Jipe. Hata hivyo tazameni kihamba cha mlimani, kati ya korongo na korongo, chenye migomba na kahawa kwenye ardhi isiyofika hekta moja. Mita 60 upande huu na mita 60 upande ule zaweza kukimeza chote, pamoja na makaburi ya wazee. Shamba kubwa la tambarare likipoteza mita 60 halioni hata upungufu. Sheria moja, uzito tofauti. Halmashauri za vijiji zinapoandika ukanda huo katika mpango, ziandike pia majina ya kaya zitakazoguswa, na zile zilizo maskini ziruhusiwe kupanda miti ya asili na mazao ya kudumu yasiyochimbuliwa udongo kila msimu, kwa makubaliano na wahusika wa bonde. Kufukuza bila kuhesabu ni dhuluma, hata ikifanywa kwa jina la mazingira.

Wafugaji nao wasisahauliwe. Katika ramani nyingi tulizoonyeshwa, njia ya mifugo kwenda mtoni imekatwa na shamba jipya la umwagiliaji, na alama ya malisho imewekwa mahali pasipo na maji. Mfugaji wa Simanjiro anayefika na ng'ombe wenye kiu siku tatu hatasoma rangi za ramani.

Twarudi tulikoanzia. Watu wa mlimani wameongezeka: mkoa wa Kilimanjaro ulihesabiwa kuwa na watu takriban milioni 1.86 mwaka 2022, karibu mara tatu ya wale wa mwaka 1967, na mto haukuongezwa. Mpango wa ardhi wa kijiji kimoja hauwezi kuyamudu hayo peke yake, kwa kuwa mpaka wa kijiji ni mstari wa watu na maji hayaujui. Vijiji vinavyokunywa katika mto mmoja vikae pamoja, vya juu na vya chini, katika kamati ya kidakio ambayo sheria ya mwaka 2009 imeiruhusu, na mipango yao isomwe kwa pamoja kabla ya kupitishwa. Mahali ambapo maparokia ya juu na ya chini yamezoea kutembeleana, njia ya kuitisha mkutano wa namna hiyo ipo tayari.

Na kipimo, je, tungoje wataalamu? Bodi ya Maji ya Bonde ina vituo vyake, na takwimu zake ziombwe kwa barua. Ni haki ya wananchi kuziona. Lakini mito midogo mingi haina kituo, na kwa hiyo yafaa wanakijiji wajue njia rahisi. Chagueni mahali mto ulipo mnyoofu. Pimeni mita 10 kando ya maji, tupeni kipande cha mti mkavu, na mhesabu kwa saa sekunde kinazotumia. Pimeni upana wa maji na kina chake mahali kadhaa, mpate wastani. Ikiwa upana ni mita 2, kina sentimita 30, na mti umetumia sekunde 20, mwendo ni nusu mita kwa sekunde, na maji ni lita 300 kwa sekunde. Punguzeni sehemu moja ya tano, kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini: mnabaki na lita 240. Rudieni mara tatu. Andikeni tarehe, saa, mahali, majina ya waliokuwepo, na mifongo iliyokuwa wazi siku ile. Pimeni juu ya banio la kwanza na chini ya la mwisho, siku moja, na watu wa vijiji vyote viwili wakiwepo, ili asiwepo wa kusema amepunjwa.

Daftari moja la shule lenye vipimo vya miaka mitatu lina nguvu mezani kwa afisa mipango kuliko malalamiko ya miaka thelathini. Kipimo cha kwanza kichukuliwe Februari ijayo, kabla mvua haijanyesha, na kisomwe katika mkutano mkuu wa kijiji unaofuata, kabla ramani haijatundikwa ukutani.